Mrejesho: vile vitabu vya ufukara wa mjini, jela na dunia ya kubuni

Niliwaomba vitabu vya ufukara wa mjini, maisha ya jela na dunia ya kubuni. Ahsanteni sana. Kilichonishika ni Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla, mtu wetu wa Mombasa. Alifungwa 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kuikosoa serikali, “Kenya: Twendapi?”, na mashairi akayatunga humo humo jela, mengine kwenye karatasi za chooni! Ameyaandika kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa; nakijua, lakini beti nyingine ilibidi nimwendee mjomba.

Kill Me Quick cha Meja Mwangi nimekimaliza upesi: vijana wawili waliosoma, kazi hakuna, leo vichochoroni Nairobi, kesho korokoroni. Walenisi cha Katama Mkangi bado nakisoma. Eti nchi ya kubuni isiyo na dhuluma hata chembe? Mmh. Aliye na riwaya yake nyingine, Mafuta, aniazime, nipo Majengo.