Ushauri: bango langu linawaka rangi, ila kwa mbali halisomeki

Brashi_Ngamiani: Salaam wakuu. Nachora mabango ya maduka hapa Ngamiani, Tanga. Mteja kataka herufi nyekundu juu ya kijani, ubao wa futi 4 kwa 8. Ukisimama karibu linapendeza, ukivuka barabara maneno yanacheza. Na hili jicho la rangi, mtu analinoaje bila chuo?

Pindo: Nyekundu na kijani zimeachana kwa rangi, ila kwa weusi na weupe zinalingana, ndiyo maana ukingo wa herufi unatetemeka. Lipige picha kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Maneno yakizama kwenye kijivu, kuongeza koti (tabaka la rangi) ni kumwaga rangi bure. Kama simu haina chaji, bana macho mpaka kope zikaribie kugusana. Mteja akikazania nyekundu yake, iweke juu ya krimu, kijani iende kwenye fremu.

Jicho linolewe kwa kijivu kwanza. Kata kadi 7, ya kwanza nyeusi, ya mwisho nyeupe, tano za kati zipande ngazi sawasawa. Wengi hukwama hapa: wanachanganya nusu kwa nusu halafu wanashangaa kijivu kimekuwa kizito. Nyeusi ina nguvu, itie tone kwa tone ndani ya nyeupe, kamwe usianze na nyeusi. Subiri ikauke ndipo uhukumu, maana rangi ya maji ya kupaka ukuta (emulsion) hukolea ikikauka.

Baadaye toboa kadi tundu dogo, uchungulie ukuta mweupe saa kumi jioni. Upande wa kivuli si kijivu kama unavyodhani, mara nyingi umeegemea bluu.

KangaMbili: Mwalimu mwingine yuko kabatini. Tandaza kanga, hesabu rangi zake (ni chache kuliko unavyokumbuka), kisha kadiria kila moja imekula sehemu gani ya pindo na ya mji (ile sehemu ya katikati). Nakili viwango hivyo kwa mabaka tu, maua yaache. Tazama na jina, yale maneno ya kanga: limewekwa juu ya rangi gani hata likasomeka?

Brashi_Ngamiani: Shukrani. Nyekundu ikiwa kali mno naipoza kwa nyeusi?

Pindo: Hapana, nyeusi inaifubaza. Tia kijani kidogo sana, ukizidisha utapata kahawia. Njano ndiyo haitaki kabisa nyeusi, inageuka kijani.

Kibao_cha_Bati: Mmesahau ukubwa. Kila mita 3 za umbali zinataka herufi ya sentimita 2.5 hivi. Msomaji akiwa mita 30, herufi iwe sentimita 25, na maneno ya ziada yafutwe. Mteja atanuna, mwache anune.

Brashi_Ngamiani: Basi nimshawishi achukue njano juu ya nyeusi?

Kibao_cha_Bati: Inasomeka vizuri sana. Ila njano haifuniki: pigia herufi koti la nyeupe kwanza, likauke usiku kucha, ndipo njano ipande.