Shemeji ametoboa tuta la mto Nzoia, nifanyeje?

Habari zenu ndugu. Naomba ushauri, hasa kwa wanaojua sheria.

Niko Bunyala, Busia. Shemeji yangu amechimba tuta la Nzoia na kupitisha bomba la kunyweshea mpunga wake. Juzi nilienda kuangalia. Pembeni mwa bomba maji yanachirizika, nikayakinga mkononi yakaacha udongo mwekundu. Hapo ndipo nilipoogopa. Maji safi yanayovuja si hatari sana, lakini yakibeba udongo ujue tuta linaliwa ndani kwa ndani, na siku mto ukijaa linakatika ghafla. Sisi tunaoishi hapa tumeshalala shuleni na watoto, mahindi yakiozea majini. Na Solai, Nakuru, bwawa lilipopasuka Mei 2018, walikufa zaidi ya watu 40 usiku mmoja.

Nimesoma kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu. Kuharibu mali kwa makusudi ni kifungo cha hadi miaka 5, na kuharibu ukingo wa mto hadi mafuriko yakanukia kumetengewa adhabu nzito zaidi.

Nimemsihi mara mbili, anasema namwonea wivu. Dada yangu analia, ana watoto wanne.

Je, akiliziba mwenyewe sasa bado atashtakiwa? Na nikienda kwa chifu, naweza kuomba tuta likarabatiwe kwanza kabla ya polisi kuitwa? Mvua za masika hazingoji, tafadhali nijibuni mapema.