Naomba ushauri: mota ya meza ya msumeno, nina magogo ya mwembe

Kijana_wa_Muheza: Wakuu, habari za usiku. Nimechoka kukodi mashine za watu, najiundia meza yangu ya msumeno. Engo, shafti na beringi ninazo, bledi ya nchi 12 nimeshanunua. Nimekwama kwenye mota: nguvu ya farasi 2 au 3? Magogo yapo matatu, mwembe, futi 12 kila moja, kipenyo nchi 30, niliyabeba juzi kwa kirikuu. Muda sio rafiki.

Fundi_Mchundo: Chukua 3. Kama inazunguka 1440 kwa dakika, funga puli ya nchi 5 kwenye mota na ya 2.5 kwenye shafti, bledi itakwenda 2880. Ukomo wake umeandikwa kwenye bledi yenyewe, soma. Na kile kichuma chembamba cha nyuma ya bledi, kinachozuia mbao isiibane, usikidharau. Mimi nilikitoa nikiona kinanichelewesha. Mbao ikarudi ikanipiga tumbo, nikanywa uji wiki nzima.

mke_wa_seremala: Afadhali wewe. Wangu aliacha kidole kidogo kwenye randa ya umeme. Siku ya uchaguzi msimamizi akakosa pa kupaka wino 😂

Babu_Pangani: Vijana mnajua kukata tu. Umepanda mingapi? Sisi mwembe ukiangushwa ujue inachongwa ngalawa, watu wanakula samaki miaka na miaka.

Fundi_Mchundo: Ngalawa huchongwa mti ungali mbichi, mzee wangu, inaenda kuishi majini. @Kijana_wa_Muheza unatengeneza nini, na mti ulikatwa lini?

Kijana_wa_Muheza: Samani tu mkuu. Umekatwa muda kidogo. Turudi kwenye mota, umeme wa nyumbani wa fezi moja utaivuta?

Fundi_Mchundo: Muda kidogo ni lini?

Kijana_wa_Muheza: Wiki ya tatu hii. Ila jua la huku si mchezo.

Ratili: Ngojeni kwanza. Gogo la vipimo hivyo ni zaidi ya mita 1.6 za ujazo. Likiwa bichi halikosi tani. Matatu kwenye kirikuu? Springi zingebaki njiani. Hii ni chai, tena ya rangi. Picha iko wapi?

mke_wa_seremala: Nami nilishangaa, kapakia na nani, Samsoni?

Kijana_wa_Muheza: Sio chai jamani. Yalipasuliwa kulekule kwa chenso. Nimebeba vipande 9 vizuri, unene nchi 3, trip tatu. Niliandika magogo kwa sababu nilijua mtanirukia.

Fundi_Mchundo: Umevilaza wapi?

Kijana_wa_Muheza: Juu ya mabati, juani, vikauke haraka. Mchana nikisogea nasikia ta… ta… Kimoja ufa wake kichwani unameza sarafu ya mia mbili.

Fundi_Mchundo: Lahaula. Nje kunakauka, ndani bado maji, lazima mti ujipasue. Weka kivulini penye upepo, inua kutoka chini, kati ya kipande na kipande panga vijiti vikavu vya unene mmoja, kila futi moja na nusu, kijiti juu ya kijiti. Vichwani paka rangi ya mafuta hata kopo lililobaki. Magome yote toa, mwembe wadudu wanaupenda kama sisi tunavyopenda dodo. Kata kipande kifupi cha unene huohuo, nacho kipake rangi vichwani, kikae na wenzake, kipime kila Jumapili kwenye mizani ya duka. Kikiacha kupungua uzito, ndiyo tuongee habari ya msumeno. Kwa nchi 3 hesabu mwaka na zaidi.

Kijana_wa_Muheza: Mwaka sina. Nina wiki saba. Nilifikiria kuvikausha kwa moto wa pumba chini yake, na juu nibane na vyuma visipinde.

Ratili: Wiki saba kuna nini?

Kijana_wa_Muheza: Nimepokea laki nane ya meza ya watu 10. Mota ndiyo ingetoka humo.

Babu_Pangani: Pesa ya mtu haina usingizi. Rudisha.

mke_wa_seremala: Nunua mbao kavu mjini, utengeneze, kaa kimya. Mteja atajulia wapi?

Kijana_wa_Muheza: Atajua. Mwembe ulikuwa uani kwake, marehemu mkewe ndiye aliyeupanda. Siku ya kupasua alikaa kwenye kigoda akihesabu vipande. Ndiye baba mkwe mtarajiwa, meza ni ya siku ya ndoa.

Ratili: Natengua neno chai.

mke_wa_seremala: Wiki saba ni meza au ni mahari? 😂

Fundi_Mchundo: Mota sahau kwa sasa. Mpeleke mzee akaone huo ufa kwa macho yake kabla hajausikia kwa watu. Muombe siku ya ndoa meza iwe ya mbao kavu ya dukani, ya mwembe wa marehemu ije mwakani. Na vipande vitoe juani usiku huu huu, kesho saa nne vitaanza tena.

Kijana_wa_Muheza: Tunavitoa. Shemeji kashika tochi, ananiuliza naandikiana na nani.