MJADALA: Ndugu wa mgonjwa akiuliza "ana nini?", nesi ajibu?

Nesi wa Zamu
Wakuu, salaam. Nipo wodi ya wanawake, hospitali ya wilaya. Juzi kaja mama na chupa ya uji, anamuuguza wifi yake. Kanivuta pembeni: "Mwanangu, hebu niambie, ana nini?" Ndiye aliyemleta usiku kwa bodaboda, ndiye anayenunua dawa tukiishiwa. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Kufika jioni nimeshakuwa nesi mwenye nyodo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Sawa. Ila ukiisoma utadhani mgonjwa kalazwa peke yake. Huku kwetu mgonjwa ni wa ukoo. Nilikosea?

Babu Tabora
Ulikosea, mwanangu. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, dozi atamkumbusha nani, sheria?

Mama CTC
Babu, shikamoo, lakini hapana. Nina mteja hapa CTC, kliniki ya wenye VVU, anavuka wilaya nzima kufuata ARV, nauli inammaliza, kwa sababu nesi wa kliniki ya kwao ni binamu wa mumewe. Undugu huo ndio unaomkimbiza. Na majibu ya VVU yalikuwa siri tangu Sheria ya UKIMWI ya 2008, si jambo la jana. Halafu mnaposema utamaduni, kusitiri mnakuweka wapi? Mwosha maiti akitoka kule ndani hasimulii alichokiona. Marehemu tunamsitiri, aliye hai tunamtangaza kwa wifi?

Babu Tabora
Marahaba. Hilo la mwosha umenipata. La dozi bado hujanijibu.

Fundi Mfumo
Mnabishana habari za wifi! Mimi nazunguka vituoni kutengeneza kompyuta. Neno la siri nalikuta limebandikwa kwenye skrini kwa plasta ileile ya vidonda. Zamu nzima inaingia kwa jina la mtu mmoja, tena alishahama. Faili likichunguliwa usiku, utamjuaje aliyechungulia? Nikiwaambia wabadilishe, najibiwa "sisi hapa ni familia". Na inchaji, yaani nesi msimamizi, akimwomba nesi mdogo neno lake la siri, nani ana ubavu wa kumnyima mkubwa?

Nesi wa Zamu
Fundi, hapo umenishika pabaya. Wifi nilimkatalia. Inchaji wangu aliniomba, nikamwandikia kwenye karatasi. Nyie mngemwambiaje?