Mume wangu yuko Kongo, simu haipatikani. Mtoto na mama mkwe niwaambie nini?

DagaaKibirizi, 29 Januari 2025

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni.

Niko Kigoma mjini, nauza dagaa na migebuka pale Kibirizi. Mume wangu ni mwanajeshi, yuko Kongo. (Nimehariri, nimetoa kikosi na sehemu aliyopo. Asante mliyenishtua.) Mara ya mwisho tumeongea Alhamisi, dakika tatu tu, akasema mtandao unasumbua. Jumatatu tukasikia waasi wa M23 wameingia Goma, ule mji wa mashariki mwa Kongo. Mpaka sasa napiga, haipatikani.

Mimi mwenyewe nakazana. Wanaonishinda ni watu wawili.

Wa kwanza ni mwanangu, ana miaka sita. Baba yake alipoondoka nilimwonyesha milima ya ng'ambo, ile inayojitokeza jioni jua likizama ziwani, nikamwambia baba yuko kule. Ikawa kawaida yake, kila jioni anampungia mkono. Sasa pale Kibirizi boti zinaingia kutoka Kongo na maneno yanashuka pamoja na mizigo. Amewasikia wapagazi wakisema ng'ambo kunapigwa. Juzi hakupunga. Kakaa kaligeuzia ziwa mgongo, na ugali anaudonoa tu.

Wa pili ni mama mkwe, yuko Kasulu. Anapiga alfajiri, anapiga mchana, anapiga usiku, swali ni lile lile: "Umesikia nini?" Namjibu yuko salama mama, na wala sijui. Jana nilizima simu saa mbili nzima nipumue. Nilipoiwasha nikaanza kutetemeka, nawaza labda ndipo mume wangu alipopiga.

Mliopitia haya, watu wa nyumbani mliwatulizaje? Naomba wa kunikejeli wapite kimya.

---

MstaafuWaPorini, 30 Januari

Shemeji, pole sana. Vizuri umehariri. Ukiandika popote, hata kwenye grupu la ukoo, usitaje kikosi, kambi wala tarehe za kuhama.

Nilikuwa huko 2013 na ile brigedi ya Umoja wa Mataifa, sisi, Wasauzi na Wamalawi, kamanda wetu Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Nakuambia nilichokiona kwa macho yangu.

Simu ya askari inanyamaza kwa mambo mengi. Umeme wa mji ukikatika, mnara nao unakwenda. Chaji inaisha na jenereta ni ya redio ya kikosi, si ya simu zenu. Mambo yakichemka mnaamriwa mzime. Halafu kuna hili ambalo hamuambiwi: kwetu, mwenzenu akianguka, wote mlizuiwa kupiga nyumbani hadi familia yake ijulishwe rasmi. Mke wangu alikuwa analia kwa kimya changu, kumbe tumenyamazishwa ili mama wa mtu mwingine asipate msiba wake kwa jirani. Na msiba ukija, unaletwa na watu, wamevaa sare, wanabisha hodi. Hauji kwa meseji ya kusambazwa.

Jambo dogo: Goma wako saa moja nyuma yetu. Mimi nikitoka lindo saa nne usiku, nyumbani ni saa tano, mama watoto kalala na simu kaiweka chaji sebuleni. Nimewahi kupiga mara tisa. Siku hizi weka simu chini ya mto.

Sasa sikiliza na upande wake yeye. Mwaka ule binti yetu aliugua malaria, akalazwa, mke wangu akanificha ili nisiwaze. Binamu yangu akanipa pole kwenye simu, anadhani najua. Usiku ule lindoni sikuona kitu mbele yangu, na nilikuwa na maisha ya watu mgongoni. Nilipompata mke wangu aliniapia mtoto mzima, nisimwamini. Kuanzia hapo tukapatana: tatizo lolote ataniambia, ila likishaisha. "Mtoto aliugua Jumanne, dawa kamaliza, yuko shule." Hiyo naweza kulala nayo.

Kuhusu kijana wako, milima anayoiona si ya Goma. Goma iko mbali kaskazini, kwenye Ziwa Kivu. Lakini usimwambie ulimdanganya ukaishia hapo. Mwambie maji ya Kivu yanatoka kwa kupitia mto Ruzizi, yanashuka mpaka yanaingia Tanganyika. Ni kweli, hata kwenye ramani ya shule yumo huyo mto.

---

kijana_wa_Mwanga, 30 Januari

Dada, redio watakuchelewesha. Ingia mitandaoni, video zote ziko huko. Hii hapa, wanaonekana kabisa wanaingia mjini.

---

MstaafuWaPorini, 30 Januari

Mdogo wangu, hiyo video ni ya Novemba 2012, M23 walipoingia Goma mara ya kwanza. Naijua kwa sababu tulionyeshwa kabla hatujaondoka. Mwenye mume huko akiiona leo unadhani atalala? Ifute.

---

BibiWaIsevya, 31 Januari

Marahaba mwanangu. Anayechapa ni mjukuu, makosa yote ni yake.

Mume wangu alikwenda vita vya Kagera, vile vya Iddi Amin wa Uganda. Tulikaa line za jeshi, nyumba za familia za askari, hapa Tabora. Mwalimu Nyerere alihutubia tarehe 2 Novemba 1978, na haikupita muda, mume wangu akapanda treni ya Mwanza. Sikumwona hadi Agosti mwaka uliofuata.

Mwenzangu hapo juu amesema habari inaletwa na watu. Ngoja nikuambie inavyokuwa. Pale line tulikuwa tunatwanga nje, kila mtu na kinu chake. Landrova ya jeshi ikiingia getini, michi yote inasimama. Hakuna aliyeamrisha. Unasikia injini tu, na unaomba, Mungu nisamehe, unaomba isimame kwa mwingine. Ikipita kwako unaanza kutwanga upesi, mikono haishiki. Ikisimama kwa mwenzako, unaacha unga wako kwa kuku unamkimbilia. Nilikimbia hivyo mara mbili. Kwa hiyo mwanangu, siku ambayo hakuna aliyekuja, hiyo siku imepita. Mimi nilihesabu hivyo, siku moja moja, na nilikuwa nachora mkaa nyuma ya mlango.

Kwa mama mkwe wangu nilifanya kosa unalolifanya wewe. Nilimwambia yuko salama, yuko salama. Kumbe ana risasi ya mguu, yuko hospitali. Alipojua, hakuniamini tena hata nilipomwambia kapona. Mwambie ulicho nacho: "Mama, sijasikia kitu, na hawajaja." Asubuhi umwambie hivyo, jioni hivyo. Au mwite aje akae kwako. Mama akikaa peke yake na simu, simu itamla.

Redio usiizime kabisa, ila usilale nayo. Tarehe 11 Aprili 1979 walipotangaza Kampala imeangushwa, line nzima ilipiga vigelegele, nami nikapiga, halafu nikaingia ndani nikalia kwa sababu Kampala imeanguka lakini mume wangu simjui yuko wapi.

Barua zilikuja nne. Nilikuwa nimetoka kisomo cha watu wazima, nasoma kwa kukokota, sikutaka mwalimu anisomee mambo ya mume wangu. Siku tatu nakokota barua moja! Namaliza, hakuna hata neno la vita. Anauliza kama mihogo imepaliliwa, na yule jirani aliyekopa shilingi ishirini amelipa? Nilikasirika, we acha.

---

DagaaKibirizi, 12 Februari

MREJESHO

Wakuu, samahani kwa ukimya. Jeshi lilipotangaza kwamba wenzao wawili wamefariki kule, usiku ule sikulala. Majina yalikuwa bado hayajanifikia, nikakaa mlangoni hadi adhana ya alfajiri. Hakuja mtu. Bibi, nilichukua mkaa.

Mama mkwe alikuja tangu wiki iliyopita, na galoni ya mawese na gunia la unga wa muhogo, kama vile kwangu hakuna chakula. Hanipigii simu tena maana tuko chumba kimoja. Sasa tunagombana kuhusu chumvi, na nimeona afadhali.

Mtoto nilimpeleka ufukweni nikamchorea mto Ruzizi kwenye mchanga kwa kijiti. Akafikiri, akauliza, "Kwa hiyo baba akioga huko, sisi huku tunamnywa?" Bibi yake alicheka hadi akakaa chini. Jioni hiyo alipunga mkono, ila sasa anaangalia kaskazini, upande wa Gombe, na watu wa boti wanadhani anawaita.

Jumamosi marais walikutana Dar kuzungumzia hayo mambo ya Kongo, nikasikiliza taarifa moja nikazima. Jana saa sita kasoro usiku simu ikalia chini ya mto. Namba siijui. Ni yeye. Dakika mbili. Sauti imekauka. Mama yake alikuwa ananivuta mkono nimpe simu, mtoto ameamka analia, mimi nimejiandaa wiki tatu nitamwambia nini.

Akauliza kama yule fundi wa Gungu amemaliza lenta au bado ananizungusha, na akasema nisimpe hela iliyobaki mpaka atoe mbao. Kisha ikakatika.