Ukoo wa Mlowa: safari ya Bagamoyo

JUMATANO

Mage, 18:04
Mbukwenyi ndugu zangu. Likizo ya Juni hiyo inakuja. Ile safari ya Pwani tuliyoongea msibani Hombolo, ipo au haipo? Waliosema ndiyo ni 23. Waliotuma mchango ni 4.

Mage, 18:07
Mpango: Ijumaa alfajiri tunatoka Dodoma. Jumamosi asubuhi Kaole kwenye magofu, mchana tunakula, jioni baharini. Jumapili wanaotaka ibada wasali pale Misheni, kisha tunageuza. Watoto wetu wanaijua bahari ya kwenye simu tu.

Mage, 18:49
Naona mmesoma. Jamani.

Shem Athumani, 18:52
Mimi nina swali moja. Huko Bagamoyo mlenda unapatikana?

Dani, 18:52
😂😂😂

Mama Pendo, 18:55
Shemeji utakula pweza mpaka Kondoa wakukatae

Shem Athumani, 18:56
Kitu chenye miguu minane nakianzia wapi kutafuna?

Mage, 19:03
Nauliza mchango mnanijibu pweza.

Dani, 19:20
Anti kwa nini tusipande treni ya SGR? Masaa manne hayajaisha uko Dar

Mage, 19:26
Halafu? Ukishuka Dar ubebe watoto na mabegi mpaka Makumbusho, upange foleni ya gari la Bagamoyo, upite Tegeta na Bunju na foleni zake. Coaster ni Morogoro, Chalinze, unakata kushoto kwenda Msata, pale Msata unashika lami ya Bagamoyo. Dar hatuioni kabisa. Gari moja, watu wote pamoja.

Dani, 19:27
Ila kwenye Coaster tutakaa siku nzima

Mage, 19:28
Tutakaa pamoja.

ALHAMISI

Yona Kongwa, 06:11
Nimesoma yote. Coaster sipandi. Ile safari tuliyokwama Gairo bado naikumbuka.

Mama Pendo, 06:30
Kaka yale yalishaisha

Yona Kongwa, 06:34
Yaliisha kwako. Mimi nililala pale barabarani na watoto wawili wanatetemeka. Na ile 180,000 iliyobaki kwa mwenye gari haijarudi mpaka leo. Aliyesema ataifuatilia anajijua.

Mage, 06:58
Yona, niliifuatilia mara tatu kwa miguu yangu. Hakurudisha. Kama ni kunilaumu nilaumu, lakini kinachoniuma safari ile siyo hela. Kinachoniuma ni kwamba mama alibaki.

Mama Pendo, 07:02
Viti viliisha dada

Mage, 07:03
Havikuisha. Kiti cha mama kilikaliwa na spika.

Shem Athumani, 09:40
Spika ile ilikuwa na besi lakini, mpaka Chalinze abiria wa magari mengine walikuwa wanatupungia

Mwl. Ester, 15:17
Samahani, nilikuwa darasani. Tarehe mmeshapanga? Maana hili la maji hamjaligusa. Ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare, maji yakipwa yanaenda mbali, watoto watabaki na tope. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na tena kama saa kumi jioni. Jumamosi ya namna hiyo ndiyo inafaa ratiba ya Mage: Kaole asubuhi, bahari jioni. Wiki inayofuata saa hiyo hiyo mtakuta maji yamekimbia.

Mwl. Ester, 15:24
Na Kaole tusipite mbio mbio. Kuna misikiti miwili, ule wa zamani ni wa karne ya 13, na makaburi ya kale. Palikuwa bandari. Mikoko na tope vikaiziba, watu wakahamia Bagamoyo. Na kile kisima cha maji baridi karibu kabisa na bahari watoto wangu wa darasa la sita hawaamini nikiwaambia.

Shem Athumani, 15:31
Maji baridi? Basi soda hatubebi

Dani, 15:32
Shem 😂 maji baridi maana yake hayana chumvi

Mama Pendo, 15:40
Dani una kaptula ya kuogelea au utaingia na ile ya Simba

Dani, 15:41
Ile ile. Bahari itaheshimu

Mage, 16:10
Mwalimu ameandika jambo la maana, mmelifunika na kaptula. Ni Jumamosi ipi? Jibuni leo, nikaongee na mwenye gari.

Mage, 21:45
Leo inaisha.

IJUMAA

Pendo, 08:20
Shikamooni. Nipo kwa Bibi Mlowa. Nimemsomea yote, mpaka ya spika. Ameniambia niandike hivi hivi bila kupunguza:

Pendo, 08:26
"Mage, nyamaza kulia kwa ajili ya kiti. Bibi yangu alikuwa mtu wa Mpwapwa. Alisema mama yake aliiona misafara ikipita na meno ya tembo kwenda Pwani. Walikuwa wanatoa nguo na shanga ndipo wachote maji kwetu. Wengine walipita wamefungwa shingo, na hao hakuna aliyewaona wakirudi. Mimi nataka kuona walikofika. Mnaita matembezi, sawa, watoto wacheze. Lakini kwanza wasimame pale waambiwe. Muziki garini sitaki. Na Yona atakaa karibu yangu."

Mwl. Ester, 08:41
Ndiyo mama.

Mama Pendo, 08:41
Tumesikia mama 🙏🏾

Baba Neema, 08:50
Amina mama. (Mimi nimetuma mchango sasa hivi.)

Jirani Mama Chiku, 08:58
Nimetuma na mimi. Bibi ametugusa

Mage, 09:05
Mama nimekusikia. Nitamtafuta mtu wa pale awasimulie watoto kuanzia Kilimatinde na Mpwapwa mpaka ufukweni.

Yona Kongwa, 12:37
Nimesikia mama.

Mage, 12:38
Yona, kwa hiyo Coaster unapanda?

Mwl. Ester, 13:15
Mage, miguu ya mama inavimba akikaa sana. Siku nzima kwenye Coaster hatatoboa. Kwa mama mimi naunga mkono treni.

Dani, 13:16
Nilisema

Mage, 13:30
Haya. Mama, Yona na Ester treni, sisi wengine Coaster. Lakini pale stesheni Dar mama hapandi daladala. Nani ana gari la kuwapokea na kuwafikisha Bagamoyo?

Mage, 14:22
Nani ana gari?

Baba Neema, 17:50
Naulizia la shemeji yangu wa Mbezi, sijajibiwa

Shem Athumani, 18:03
Bibi hali pweza. Mlenda mkavu nabeba mimi, na chungu chake.

Mage, 18:04
Asante shemeji. Na mchango?

Mama Pendo, 20:16
Hivi mwezi mpevu unaangukia Jumamosi ipi?