Hesabu za Caesar vitani Gallia: tuziamini au ni chai?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nimemaliza vitabu saba alivyoandika Julius Caesar kuhusu vita vyake Gallia (Ufaransa na Ubelgiji ya leo), kuanzia mwaka 58 hadi 52 KK. Wengi wetu tunamjua kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, akichomwa visu. Huku yuko hai, ana majeshi, na kalamu anayo yeye. Tena anajiandika "Caesar aliamua hivi, Caesar akafanya vile", utadhani mwandishi ni mtu baki aliyekaa pembeni. Mwamba ngoma huvutia kwake, na huyu ngozi kaivuta yote.

Njooni kwenye namba. Wahelveti walipohama kutoka Uswisi ya leo, anasema kambini kwao yalikutwa mabamba ya orodha kwa herufi za Kigiriki: watu 368,000, wenye kushika silaha 92,000. Shika kalamu ugawanye. Ni robo kamili, hazidi wala hapungui hata mtu mmoja. Sensa gani hiyo?

Mwaka 55 KK anawavamia Wausipete na Watenkteri, makabila ya Kijerumani, anadai walikuwa 430,000, akawafyeka, na kwa Warumi hakufa hata mmoja. Kule Roma seneta Cato, hasimu wake, alitaka Caesar akabidhiwe kwa hao Wajerumani kwa sababu aliwapiga wakati wa mapatano. Kwa hiyo hoja yangu ni hii: tunamsoma mtuhumiwa anayejitetea. Anayeona ni ripoti ya kuaminika aje hapa.

Mchangiaji wa kwanza

Nimekuja, na nasema unamwonea. Chukua mji wa Alesia, mwaka 52 KK. Anaeleza alivyomzingira Vercingetorix, kiongozi wa Wagalli, kwa boma na mitaro mizunguko miwili, wa ndani maili 11 za Kirumi, wa nje 14. Napoleon III, mfalme wa Ufaransa, alipoagiza pachimbwe Alise-Sainte-Reine, panapoaminika kuwa ndipo Alesia, miaka ya 1860, mitaro ikaonekana.

Halafu kambini kulikuwa na maofisa wanaoandika barua nyumbani. Quintus, mdogo wake Cicero, aliongoza legioni (kikosi cha askari elfu kadhaa) huko huko. Utapigaje fiksi wakati mdogo wa msemaji hodari kuliko wote Roma anakuangalia? Cicero mwenyewe aliusifu uandishi huo.

Mchangiaji wa pili

Cicero alisifu lugha, mkuu, kwamba imenyooka na haina mapambo. Aliyegusa ukweli wa habari ni Asinius Pollio, na huyo si adui, ni mtu wa Caesar aliyekuwa naye alipovuka mto Rubicon kuingia Italia na jeshi. Suetonius, mwandishi wa maisha ya Caesar, anatuambia Pollio aliona Caesar alikuwa mwepesi kuamini ya wenzake, na ya kwake akayaandika visivyo, ama kwa makusudi ama kwa kusahau.

Na kwa kuwa umemtaja Quintus, tuwaite Wanervi, kabila la Ubelgiji ya leo. Mwaka 57 KK Caesar anadai amewamaliza: wazee wa baraza 600 wamebaki 3, wapiganaji 60,000 wamebaki 500 kwa taabu. Sawa. Miaka mitatu mbele Wanervi hao hao wanaizingira kambi ya nani? Ya Quintus! Na mwaka 52 wanapangiwa kupeleka askari 5,000 Alesia. Wamezaliwa lini, na mikuki mkononi? Kitabu kinajiumbua chenyewe.

Sitaji yule mnyama wa msitu wa Ujerumani asiye na magoti, anayelala kwa kuegemea mti, wawindaji wanaukata nusu ili aanguke nao. Wapo wanaosema kipande hicho kilichomekwa baadaye. Haya, tumsamehe hicho.

Mchangiaji wa tatu

Mnacheka, lakini angalieni msije mkamsafisha. Hata ukiishusha ile 430,000 mara kumi, bado ni mauaji. Mwaka 2015 wanaakiolojia wa Uholanzi walitangaza kuwa mifupa na panga zilizoopolewa karibu na Kessel ni za mauaji hayo, na mingine ni mifupa ya wanawake na watoto.

Jiulizeni kwa nini anaongeza. Roma maiti za adui zilikuwa sifa. Seneti ilimtangazia siku 15 za kushukuru miungu mwaka 57 KK, na 20 mwaka 55. Hapa kwetu, baada ya Maji Maji, hesabu ya Wajerumani ilikuwa 75,000, wanahistoria wakaja kufika 250,000 na kupita. Hao walipunguza kwa sababu kwao ilikuwa aibu. Kwa hiyo ukisoma namba, uliza kwanza ilikuwa inasomwa na nani.

Mleta mada

Nimekuelewa, kauli yangu naipunguza makali. Mitaro ya Alesia nakubali pia. Ila hoja ya barua haifiki kila mahali. Majira ya baridi ya mwaka 54 KK maofisa wake Sabinus na Cotta walipoteza kohorti 15 (kohorti ni sehemu ya kumi ya legioni). Caesar hakuwepo, na waliookoka ni wachache waliopenya msituni hadi kambini kwa Labienus, ofisa mwingine wa Caesar. Lakini anatuletea kikao chao cha usiku, nani alisema nini, Sabinus akiropoka na Cotta akiwa na busara. Lawama yote kwa Sabinus, ambaye ni marehemu. Caesar aliposhindwa kwenye mji wa Gergovia, kosa likawa la askari waliozidisha pupa.

Kuna mahali nimemwamini neno kwa neno. Alesia chakula kilipokwisha, wenyeji, yaani Wamandubi, walitolewa nje ya mji pamoja na wake na watoto wao. Wakaja hadi kwenye boma la Warumi wakilia, wapokewe hata kama watumwa, mradi wapate chakula. Caesar akaweka walinzi wasipokewe. Anaandika hivyo tu, kisha anaingia kwenye jeshi la msaada la Wagalli lililofika, na Wamandubi hawatajwi tena. Mchangiaji wa kwanza, hapo wewe unamsomaje?